Jamaa Yangu Ana Jipu

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimesimama kwenye chumba cha nyumba ya wageni, saa moja asubuhi, nimeshika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. Wapo walioniuliza kwa nini sikukaa tu kama binadamu wengine. Ndugu zangu, ningeweza kukaa, nisingekuwa na cha kuwasimulia.

Kwa asiyenijua, mimi ni fundi makochi. Tangu nina miaka kumi na saba kazi yangu ni kutengeneza mahali pa watu wengine kukalia. Nilipewa jukumu la kumsindikiza mama mkwe wangu nchi ya watu, maana mke wangu alinyimwa ruhusa kazini, na Mama alishikilia kuwa lazima aende mwezi huu huu kumwona rafiki yake wa ujanani. Siku mbili tulikuwa ndani ya basi ambalo sponji ya viti vyake ilikwisha zamani, pakabaki bati na kitambaa. Siku ya pili, Jumapili, likaniota jipu. Liliota pale pale panapokaliwa, upande wa kushoto.

Mengine mnayakumbuka. Simu yangu ilitumbukia kwenye beseni la nguo, ikafa mke wangu akiwa katikati ya sentensi. Jumatatu nikaenda duka la dawa peke yangu, na kwa kuwa lugha ya kule siijui hata salamu, nikamgeuzia muuza dawa mgongo, nikamwonyesha kwa kidole. Akanipa dawa ya minyoo. Niliinywa pale pale, kwa sababu alikuwa ananitazama kwa huruma nyingi.

Katika mji ule wote, mtu mmoja tu alijua lugha yangu na lugha ya wenyeji. Mama mkwe. Aliishi pale miaka sita, enzi marehemu baba mkwe alipokuwa fundi mitambo kiwandani.

Sasa mkwe, nyie mnajua, ndiye mtu wa mwisho duniani wa kumwambia kuwa makalio yako yanauma.

Tena wangu si mkwe wa mchezo. Alimtarajia binti yake aolewe na mwalimu mmoja mwenye tai, akaletewa mimi, mtu wa misumari mdomoni. Miaka minne ya ndoa hajawahi kuniita mwanangu. Ananiita Fundi. Safari hii ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya kuonekana mwanaume wa maana, kwa hiyo nilijiapiza kuwa jipu lipone au liniue, lakini Mama asijue.

Jumatano ile akagonga mlango, ana chupa ya chai na mkate kwenye sahani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa, Fundi. Chai hainywewi wima."

"Nimezoea, Mama. Kazini tunakunywa tumesimama."

"Tangu Jumapili umesimama."

"Naangalia mji, Mama. Mji mzuri huu."

Dirisha lilitazamana na ukuta mrefu wa hospitali. Hakukuwa na mji wowote. Nyumba ile ya wageni aliichagua Mama mwenyewe, akaacha nyingine nzuri tu karibu na stendi, na sikuthubutu kuuliza kwa nini.

Akaweka sahani chini. Akaniangalia kuanzia utosini hadi unyayoni.

"Unatokwa jasho na jua bado halijatoka. Una homa wewe. Unaumwa nini?"

Wasomaji wangu, nilitafuta haraka haraka kiungo kilicho mbali kabisa na pale palipokuwa panauma. Nikafika kinywani.

"Jino, Mama."

"Jino gani?"

"La nyuma."

Hapo sikudanganya sana.

"Vaa viatu," akasema. "Tunavuka barabara."

"Na rafiki yako, Mama? Si ulisema leo ndiyo tunakwenda kwake?"

Jumatatu alikwenda peke yake, akarudi jioni akasema hakumkuta. Jumanne akasema mguu unamuuma.

"Rafiki yangu yupo," akasema. "Hakimbii."

Kwenye dirisha la mapokezi Mama aliongea na karani kwa mapana na marefu. Karani akaandika, akagonga mhuri, akapekua kabati. Mama akarudi na kadi mbili. Moja akanipa mimi, nyingine akaitia kwenye mkoba. Nikadhani ni nakala.

Ukumbi wa kusubiri ulikuwa umejaa watu waliokaa. Niliwaonea wivu wote, hata aliyefungwa bandeji kichwani.

"Kaa tusubiri," Mama akasema, akipapasa nafasi pembeni yake.

"Nampisha yule mzee, Mama."

"Mzee gani?"

Hakukuwa na mzee. Nikajifanya nasoma bango la ukutani, lugha siijui, nikalisoma mpaka mwisho.

Tukaitwa. Na hapa nikiri upumbavu wangu, maana safu hii nimeianzisha kwa ajili ya kukiri. Wakati nasema jino, nilifikiria kila kitu isipokuwa jambo moja. Daktari wa meno ana kiti.

Kile kiti nilikijua kwa macho ya kazi kabla hata sijakifikia. Miaka kumi hakijabadilishwa sponji. Ngozi yake imechanika katikati, imezibwa na plasta ya hospitali. Daktari, mwanaume mnene mchangamfu, akanikaribisha kwa mkono. Nikapiga moyo konde. Nikakikalia kwa upande wa kulia tu, kama mtu anayetaka kuinuka kumsalimia mgeni.

Daktari akakanyaga kitu sakafuni. Kiti kikalala chali. Uzito wangu wote ukahamia kushoto.

Nilipiga ukelele ambao nadhani waliusikia hadi nyumba ya wageni.

Daktari akarudi nyuma hatua mbili, mikono juu. Akasema neno kwa Mama.

"Anasema hajakugusa bado."

"Mwambie ni upepo, Mama. Umeingia kwenye jino."

Akachukua kijiti chake cha chuma, akaanza kunigonga meno moja moja. Kila akigonga nilijikaza, na kila nikijikaza nilijikandamiza kule chini. Aligonga la kwanza, nikalia. La pili, nikalia. Alipofika la sita akaacha kugonga, akavua miwani na kuifuta.

"Anasema hajawahi kuona mambo haya," Mama akatafsiri. "Kwa macho meno yako yote ni mazima, lakini yote yanauma. Ataanza kwa kung'oa la mwisho kule, halafu ataendelea."

"Ataendelea na nini?"

"Na mengine."

Nikaiona sindano ya ganzi ikijazwa dawa. Na mjue, fundi makochi meno yake ni vitendea kazi. Misumari mnayoiona pembeni mwa makochi yenu ilipita kwanza kati ya midomo ya mtu. Nikajiona kibandani kwangu, kibogoyo, misumari inadondoka kidevuni. Sindano ikaja karibu. Upande mmoja meno yangu, upande mwingine heshima yangu, na chini kabisa jipu linapiga kama saa.

"Mama!" nikasema. "Kabla hajaanza, naomba umuulize swali. Si langu. La jamaa yangu."

Mama akainua mkono. Sindano ikasimama hewani.

"Jamaa yako yupi?"

"Wa kule nyumbani. Humjui."

"Ana nini?"

"Ana jipu."

"Wapi?"

Taa ya daktari wa meno ni kubwa, nashukuru. Niliikazia macho mpaka yakatoa machozi.

"Mahali pa kukalia, Mama."

Nilisikia maji yakidondoka kwenye lile bakuli la kutemea. Nikaiaga miaka minne ya kujipendekeza, nikaiaga na ndoa yenyewe. Kisha sauti ya Mama ikaja, ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza khabari za jirani.

"Huyo jamaa yako, limemwanza lini?"

"Siku ya pili ndani ya basi."

"Kumbe naye alisafiri."

"Naye alisafiri, Mama."

"Limeiva?"

"Mwenyewe hawezi kuliona."

"Ana homa?"

"Anatetemeka kuanzia jana."

"Amekunywa dawa yoyote?"

"Ya minyoo."

Mama akakohoa ndani ya mtandio wake. Alikohoa kwa muda. Alipomaliza akamgeukia daktari, akamwambia maneno machache tu. Daktari akanitazama, akatazama kiti, akanitazama tena. Akairudisha sindano kwenye sinia, akakinyanyua kiti polepole sana, halafu akaomba udhuru akatoka nje. Tukasikia kicheko kikikimbia kwenye korido.

"Anasema jamaa yako aende chumba cha jirani, apasuliwe leo leo," Mama akasema, uso mkavu. "Akichelewa, uchafu utaingia kwenye damu."

"Jamaa yangu atashukuru sana."

"Na anasema jamaa yako ana meno mazuri."

Katika chumba cha jirani kulikuwa na kitanda chembamba, pazia la kijani na daktari mwanamke, msichana mdogo mwenye mikono ya baridi. Ningependa kuwaambia alikuwa bibi kizee asiyeona vizuri, lakini nimeapa kusema kweli. Mama akavuta kiti nyuma ya pazia, akakigeuzia ukutani. Nilijua amegeukia ukutani kwa sababu sauti yake ilikuwa inagonga ukuta kwanza ndipo inanifikia.

"Mwambie jamaa yako alale kifudifudi."

"Amelala, Mama."

Daktari akasema kitu.

"Anasema ashushe zaidi kidogo."

"Ashushe nini, Mama?"

"Fundi, mimi hilo silitamki. Jamaa yako anajua."

Jamaa yangu akashusha.

"Anasema atasikia sindano. Asikaze."

"Hajakaza."

"Daktari anasema amekaza."

"Mama, mwambie daktari jamaa yangu hivyo ndivyo alivyoumbwa."

Nadhani alimwambia kweli, kwa maana yule msichana alicheka hadi ikabidi ashike ukingo wa kitanda. Na mimi nikacheka, usoni kwenye mto, na kule kucheka kukanilegeza, na hapo hapo akachoma.

Sitawachosha na yaliyofuata. Jamaa yangu alilia kwa lugha yake na kwa lugha ambazo hakuwahi kujifunza. Halafu kukatokea kitu cha ajabu. Ule uzito wa siku nne ukatoka wote kwa mara moja, na nikasikia kichwa changu kimekuwa chepesi. Daktari akawa anasafisha na kujaza gozi, kile kitambaa chepesi cha vidonda, na nyuma ya pazia Mama akajiweka sawa kwenye kiti. Nikajua sasa ndiyo nasemwa.

"Fundi."

"Naam, Mama."

"Mwambie jamaa yako kwamba mtu anayevumilia siku nne kwa kuogopa kumvunjia mkwe wake heshima, mtu huyo ana adabu."

"Nitamwambia."

"Halafu mwambie kuwa ni mjinga. Angekufa, mke wake angenijia mimi. Angeniuliza, Mama, ulikuwa naye chumba cha jirani, hukuona? Ningemjibu nini? Nilikuwa nimeona tangu kwenye basi. Nilikuwa nasubiri aseme."

Nililia kidogo pale kwenye mto, na safari hii halikuwa jipu. Nilifurahi, wasomaji wangu. Nimefurahi mara chache hivyo maishani mwangu, tena nikiwa nusu uchi.

"Na mke wake alichagua vizuri," akaongeza. Kisha nikasikia kiti kikisogea na mlango ukifungwa.

Nilipotoka nilikuwa mtu mpya. Nimepewa vidonge vya siku saba, karatasi ya kurudi kesho kubadilishwa gozi, na kwa ishara za mikono daktari amenikataza kabisa kukalia ule upande kwa siku tatu. Homa bado ipo lakini imekata tamaa. Nilitembea kwenye ile korido kwa maringo, natamani kumsalimia kila ninayekutana naye.

Mama alikuwa amekaa mwisho wa korido, kwenye benchi mbele ya chumba namba saba. Mkoba ameuweka mapajani, ameukumbatia.

"Mama, mgonjwa amepona!" nikasema. "Sasa twende kwa rafiki yako. Hata kwa miguu naweza. Tena kwa miguu ndiyo nzuri zaidi."

Hakuinuka. Wala hakucheka.

"Fundi," akasema, "huyo rafiki yangu niliyekuja kumwona."

"Ndiyo, Mama. Anakaa mbali?"

"Ana uvimbe."

Furaha yangu ikasimama. Nikamwangalia. Yeye alikuwa anaiangalia taa ya darini, ameikazia macho, na niliyajua yale macho maana nusu saa nyuma yalikuwa yangu.

"Wapi, Mama?"

Muuguzi akapita na kitoroli cha dawa. Mama akangoja kipite chote, mpaka magurudumu yakaacha kusikika.

"Mahali pa kunyonyeshea," akasema.

Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Kitu kimoja tu nilikuwa nacho, nacho alinipa yeye mwenyewe. Nikatafuta ile sauti yake ya kuuliza khabari za jirani.

"Huyo rafiki yako, umemwanza lini?"

"Mwezi wa saba sasa."

"Unauma?"

"Hauumi. Ndiyo maana anaogopa."

"Mbona hakwenda hospitali ya kule nyumbani?"

"Kule anajulikana. Kila muuguzi ni jirani yake. Angefika getini, jioni mtaa mzima ungekuwa sebuleni kwake unampa pole. Hapa hajulikani na mtu."

Nikaukumbuka ule ukuta wa hospitali dirishani. Nikaikumbuka Jumatatu.

"Jumatatu ulimkuta," nikasema taratibu.

"Nilimkuta. Nikamleta hapa. Walimchoma sindano, wakatoa kitu kidogo cha kwenda kupima." Akafungua mkoba, akatoa ile kadi ya pili, akaipapasa ukingo kwa kidole gumba. "Majibu ni leo."

"Na binti yake anajua?"

Hapo ndipo aliponitazama.

"Hajui. Na akijua kwa mdomo wa mtu mwingine kabla rafiki yangu hajawa tayari, rafiki yangu hatamsamehe mtu huyo."

Mke wangu tunalala kitanda kimoja, na hajawahi kushindwa kuusoma uso wangu hata siku moja. Mama alilijua hilo. Nami nilijua kwamba analijua.

Akasogea kidogo kwenye benchi, akapapasa nafasi pembeni yake, vile vile kama asubuhi.

"Kaa hapa, mwanangu."

Nikakaa. Sikukaa kwa upande wa kulia, wala kwa ujanja. Nilikaa kama watu wanavyokaa, upande wote, na gozi yangu, na kidonda kibichi, na ganzi iliyokuwa imeanza kuisha. Maumivu yakapanda mpaka utosini. Sikuinuka, na ningemshangaa ambaye angeweza kuniinua.

Mlango wa namba saba ukafunguliwa. Muuguzi akatokeza na bahasha ya kaki mkononi, akatazama ukumbini, akaita jina.

Mama akaendelea kuangalia mbele, kama vile limeitwa jina la mtu mwingine.

Muuguzi akaita mara ya pili.

"Mama," nikamnong'oneza. "Rafiki yako anaitwa."

"Nimesikia."

Akaninyooshea mkono. Mkono wa mkwe wangu nilikuwa sijawahi kuushika zaidi ya salamu. Ulikuwa wa baridi, na ulinibana kwa nguvu ambayo sikuitegemea.

"Mwambie asimame," akasema. "Mimi nimemwambia tangu asubuhi, hanisikii."